Mchoro Uliokuja kwa Miguu

Jumamosi hiyo asubuhi Ewurabena Otoo alikuwa uani kwake Tafo, Kumasi, akimenya ndizi za kukaanga, vidole vyeusi kwa utomvu, geti lilipogongwa. Hakuinuka. Geti lile halikuwa na komeo na Tafo nzima ilijua hivyo, kwa hiyo anayegonga ama ni mgeni kabisa, ama ni watu wa kanisa wanaotafuta mtu wa kuokoa.

Akaingia bibi aliyechorwa kwa mkaa. Mistari yake ilikuwa minene, kichwa kilikizidi kiwiliwili, mguu wa kushoto ulikuwa mrefu kuliko wa kulia, na kila mkono ulikuwa na vidole vitatu vilivyotawanyika kama meno ya reki. Kitenge chake kilikuwa cha udongo mwekundu na bluu ya kufulia. Sikio la kulia lilikaa mahali pake. La kushoto lilikuwa shingoni. Mkononi alikuwa na bahasha nene ya kaki.

“Hodi hapa. Ndiyo kwa Antie Ewurabena, mwandishi?”

“Ndiyo hapa, Nana,” alijibu, kama bibi yeyote anavyoitwa huko. “Karibu ukae.”

Akampa kigoda, akamletea maji. Huku mgeni haulizwi safari koo likiwa kavu, awe wa nyama au wa mkaa. Bibi akanywa. Tone moja lilimteremka kidevuni, na kidevu kikapungua kidogo pale lilipopita. Hakulipangusa; aliliacha likauke lenyewe, kama mtu anayeujua mwili wake. Ewurabena aliliona hilo, akageuzia macho kwenye ndizi zake kwa adabu.

“Haya, Nana. Huku kwetu ni kwema. Wewe ndiye mwenye njia, sema kilichokuleta.”

“Kwetu nako kwema. Mimi ni Nana Pokuaa. Usinitolee macho, umeniandika mwenyewe.”

Kweli alikuwa amemwandika. Kitabu kiliitwa *Nana Pokuaa na Konokono Mbishi*, na kilikuwa kimepita mikononi mwa watoto wengi, lakini hadi siku ile hakuna mtu wa ndani yake aliyewahi kuja kumtembelea.

“Nimetoka shule ya msingi ya Abotreso,” bibi akaendelea. “Watoto wamekuandikia barua. Karatasi zilitosha barua tu, kwa hiyo mimi nikachorwa ukutani, darasani. Na ukuta hauingii kwenye bahasha. Mwalimu akasema, ‘Nana, maadamu unakwenda, chukua na hizi.’”

“Na kule ukutani amebaki nani?”

“Mimi. Kwani mtu hawezi kuwa na nyumba mbili?”

Ewurabena akaona hilo halina ubishi. Akanawa utomvu, akafungua bahasha.

Barua ya juu iliandikwa na msichana aitwaye Serwaa Akyaa, kwa herufi zilizosimama wima kama gwaride. “Mpendwa Antie. Kitabu chako ni kizuri sana, hasa konokono. Lakini pale Nana anapokwenda kulima magimbi Alhamisi umekosea. Alhamisi ardhi inapumzika. Hata mtoto wa kunyonya anajua. Mwalimu amesema labda wewe ni Mfante. Kama ni hivyo, pole. Tumelikwangua neno hilo kwa wembe tukaandika Jumatano. Wako, Serwaa Akyaa. Konokono asife.”

Ya pili ilitoka kwa Barimah, aliyetaka kujua konokono anajisaidia wapi. Ya tatu haikuwa na jina: “Mimi sijui kuandika sana. Nimekupenda. Sikio la kulia la Nana nimechora mimi. La kushoto amechora Barimah, ndiyo maana.” Zilikuwa barua nyingi, na Ewurabena alizisoma zote pale pale uani huku ndizi zikisubiri. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa khanga. Mwandishi wa watoto hapati tuzo nono wala hasalimiwi redioni. Anapata barua kama hizi, na Ewurabena alikuwa tayari kufa njaa kwa ajili yazo.

“Umemaliza kucheka?” aliuliza Nana Pokuaa. “Basi tuzungumze habari ya Alhamisi.”

Ewurabena alikuwa Mfante kweli, mzaliwa wa Saltpond, kwa wavuvi wa pwani, na kwao ardhi hupumzika Ijumaa. Alikuwa ameishi Kumasi tangu aolewe, hata baada ya kufiwa na mume, akala fufu, ule ugali wa kutwanga wa Waashanti, akawazika na kuwazalia watu wao, lakini kalamu ilipofika kwenye shamba la magimbi ilirudi yenyewe Saltpond. Nana wa kitabuni alipumzika Ijumaa na kulima Alhamisi. Mhariri hakugundua. Alikuwa mtu wa Accra, na ardhi ya Accra imejengwa yote, haina siku ya kupumzika.

“Umenipeleka shamba siku ambayo marehemu mama yangu asingenipeleka hata kwa fimbo,” alisema Nana. “Kila mtoto anayefungua kitabu, mimi naenda tena kutenda kosa lile lile. Mgongo unauma, na roho pia.”

“Nisamehe, Nana.”

“Mimi nimeshakusamehe, ndizi zako zinanitamanisha. Ardhi ndiyo ya kuombwa.”

Ikaombwa Jumapili. Jirani yake, Maame Konadu, muuza uji wa asubuhi, alileta mayai na chupa ya shnapsi iliyobaki kwenye msiba wa kaka yake. Mayai yakavunjwa chini ya mpapai, pombe ikamwagwa, maneno yakasemwa. Maame Konadu alimtazama mgeni kuanzia kichwa hadi ule mguu mrefu, akamgeukia Ewurabena.

“Nyie Wafante! Mnajua siku ya samaki kulala, siku ya ardhi kulala hamuijui.”

“Konadu, niache.”

“Nikuache? Mpaka kitabu kimekuja kukushtaki nyumbani!”

Wakacheka wote watatu. Nana alicheka kuliko wote, kwa kuwa alikuwa amechorwa na mdomo mpana.

Hakuondoka. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na Ewurabena alipona hasa. Alikuwa ameandika kimya kwa miaka, mtu wa kalamu na redio. Sasa alikuwa na bibi nyuma ya kiti, akisoma kitabu kipya cha kobe juu ya bega lake na kuguna. “Huyu kobe unamwendesha mno.” “Mtoto hasemi hivyo, mtoto husema ‘nataka.’” Jioni walikula pamoja. Nana hakuweza kubonyeza fufu vizuri kwa vidole vitatu, basi Ewurabena akawa anamkatia matonge. Hakumwambia mtu, ila alimpenda bibi yule kama mtu anavyompenda aliyemlea, ingawa ni yeye aliyemzaa.

Siku moja mchana, jua la Tafo likiwa limechoma hadi mbuzi wamejificha, Nana alikuwa amekaa kwenye kochi akichambua majani ya magimbi. Mvua ikaanza kumnyeshea. Ilimnyeshea yeye tu. Kitambaa cha kochi upande wa pili kilikuwa kikavu, na redio iliyokuwa karibu iliendelea kutangaza mpira.

“Kwetu kumeanza,” alisema Nana, akasogeza sinia la mboga lisilowe.

Ewurabena akaleta beseni, akaliweka miguuni pake. “Kwani darasa halina paa?”

“Lilikuwa nalo.”

Mvua ilipokatika, Ewurabena aliona maji kwenye beseni yamegeuka bluu. Kitenge cha Nana kilikuwa kimepauka, na mistari ya mabega ilikuwa myembamba kuliko asubuhi. Ni mwezi wa tano tu huo. Mvua zenyewe, zile kubwa, zilikuwa bado.

“Nana, ukinyeshewa hivi utakwisha.”

“Mkaa na maji, mwanangu, tangu lini vikapatana?” alijibu Nana, akarudi kwenye mboga zake.

Tangu siku hiyo Ewurabena hakuwa na hamu ya yule kobe wa kitabu kipya. Kila wingu lilimkera. Alinunua turubai imara la plastiki, akalifunga, akalipakia kwenye lori linalokwenda Abotreso pamoja na barua kwa mwalimu: tafadhali ifunikeni ile picha ya ukutani. Mvua iliyofuata ilimnyeshea Nana vile vile, sebuleni, mpaka nyusi zikatoka.

“Turubai halikufika?”

“Limefika. Wamewafunika watoto wa darasa la kwanza, na kitabu. Kitabu ni kimoja, kikilowa shule nzima haina hadithi.”

“Nilisema wakufunike wewe!”

“Na mimi nikamwambia mwalimu afunike watoto. Mwandishi gani wewe? Ungeandika bibi anayejifunika turubai huku watoto wananyeshewa?”

Ewurabena akaenda kuleta beseni, kwa sababu asingeandika bibi kama huyo.

Wakaenda wote wawili kwa afisa elimu wa wilaya. Bwana Agyenim alikuwa mtu mpole, mwenye shati lililopigwa pasi vizuri na pipi mezani kwa ajili ya wageni. Aliwapa maji, akawauliza njia yao, akasikiliza hadi mwisho. Kisha akaelekeza kidole kwenye picha kubwa ukutani. Watoto walikuwa wamejipanga, utepe umekatwa, na nyuma yao mabati mapya yaling’aa hadi yalitia kiwi.

“Abotreso ina paa, Antie. Nililikabidhi mimi. Utepe niliukata kwa mkono huu.”

“Sasa liko wapi?”

“Limekwenda kukabidhiwa kwingine.”

Hakulisema kwa aibu wala kwa majigambo. Wilaya ilikuwa na paa moja zuri, alieleza, na shule nyingi, na kila shule ilikuwa na haki ya kukabidhiwa. Linafungwa leo, linachezewa ngoma, linapigwa picha na wageni waheshimiwa, na kesho yake linang’olewa kwa uangalifu msumari kwa msumari, linapakiwa kwenye lori, linasonga mbele. Hata bati moja halikuwa limepotea. Watu wa wilaya nyingine walikuwa wamekuja kujifunza.

“Na litarudi lini?”

“Likimaliza mzunguko. Mvumilivu hula mbivu.”

“Mbivu zenyewe zinalowa,” alisema Nana Pokuaa, na wakati huo huo mvua ikaanza kumpiga pale kwenye kiti cha wageni.

Bwana Agyenim akanyanyua mafaili yake, akaita mtu wa usafi alete ndoo. “Samahani, Nana, ningeomba uipunguze kidogo. Hapa kuna nyaraka za serikali.”

“Mimi nanyeshewa, sinyeshi.”

“Lakini wazazi wa Abotreso wangeweza kuezeka kwa makuti ya michikichi,” alisema Ewurabena, akiwa ameshika ndoo.

“Waliezeka. Tukawaagiza wayatoe. Shule yenye paa haiezekwi tena, Antie, itaonekana ina mapaa mawili. Na wenzao je, wasio na hata moja?” Akawafungulia mlango mwenyewe, akampa Nana pipi. “Vitabu vyako binti yangu anavipenda sana. Yule konokono! Andika vingine.”

Mvua kubwa ilikuja mwezi wa sita, siku ya Jumanne. Ilianza Nana akiwa amekaa jikoni, na kwa jinsi ilivyoanza wote wawili walijua. Ewurabena alichukua mwavuli akamfungulia kichwani. Haukuzuia kitu, maana mvua ile ilianzia chini ya mwavuli, lakini Nana aliupenda.

“Ona,” alisema. “Nimeshikiwa mwavuli kama mama malkia wa Ashanti. Bado ngoma tu.”

Kitenge kilitoka kwanza. Miguu ikafuata, ule mfupi kabla ya ule mrefu. Sikio la shingoni likateremka taratibu hadi sakafuni. Ewurabena alilia waziwazi, kwa sauti, bila kuuachia mwavuli, na Nana akamwacha alie kwa muda, kwa kuwa kulia ni haki ya mtu. Mwishowe ulibaki ule mdomo mpana peke yake, hewani, juu ya kigoda.

“Mwanangu,” mdomo ukasema, “angalia chungu. Unaunguza supu.”

Supu ilikuwa imeungua kweli. Alipogeuka kutoka kwenye chungu hapakuwa na mtu chini ya mwavuli, ila dimbwi la maji ya kijivu. Maame Konadu alikuja jioni, akaliona, akaliruka, akakaa. Hakutania chochote siku hiyo. Alikula supu iliyoungua, akasema ina chumvi ya kutosha.

Ewurabena alipoweza kushika kalamu aliwaandikia watoto wa Abotreso. Aliwaambia Nana alikuwa mgeni mzuri, na kwamba alikuwa amekwisha bila kulalamika. Alimjibu Barimah kuhusu konokono, kwa kirefu, kwa kuwa lilikuwa swali la haki. Chini kabisa, akiwa na hasira asizojua za nani, akaongeza: “Wanangu, kama mikono yenu inaweza kumchora Nana akatembea hadi kwangu, kwa nini msichore paa?” Barua ikaenda na lori.

Alhamisi moja, siku ambayo mtu mwenye adabu hana shamba la kwenda, geti likagongwa.

“Hodi! Au mpaka nivunje?”

Alikuwa amenenepa. Safari hii alikuwa na vidole sita kila mkono, mkufu wa udongo mwekundu, jino moja kubwa la manjano, na kitenge chenye maua yanayomzidi upana. Miguu ilikuwa sawa. Masikio yote mawili yalikuwa upande wa kushoto.

“Usiulize,” alisema Nana Pokuaa. “Barimah amepewa masikio yote mawili.”

Ewurabena alitupa ufagio, akamkumbatia, akajipaka mkaa kuanzia shavu hadi goti, na Maame Konadu akapiga vigelegele vilivyofika barabarani. Mvua ikimfuta, Nana alieleza, watoto wanasubiri ukuta ukauke, wanagawana: huyu kichwa, huyu mikono, wadogo wanajaza rangi. Wameshakuwa hodari. Mwalimu ameiweka kwenye ratiba, baada ya hesabu.

“Kwa hiyo ukifutika utarudi?”

“Nitarudi. Nitarudi na sura gani, hilo ni la watoto. Nipe maji, nina barua yako.”

Akapewa maji, akanywa kwa uangalifu, akaulizwa njia. Ndipo akaitoa bahasha. Redio ilikuwa inatangaza kwamba shule nyingine ya wilayani imekabidhiwa paa jipya, na ngoma zilisikika nyuma ya mtangazaji. Ewurabena akaizima, akasoma.

“Mpendwa Antie. Asante kwa habari za choo cha konokono, Barimah amefurahi sana na anamwambia kila mtu. Umeuliza kwa nini hatukuchora paa. Tulichora. Tulilichora kabla ya Nana, juu kabisa ya ukuta, tukamaliza mkaa wote wa wiki ile. Mvua ikalifuta. Nana akifutika tunamrudia kwa sababu tunaye kitabuni, tunajua alivyo. Paa tulishindwa kulirudia. Lile la kweli lilikaa siku moja tu, na siku ile tuliambiwa tutazame kamera, tusitazame juu. Tafadhali andika kitabu chenye paa ndani. Uandike taratibu, tuweze kuchora. Wako, Serwaa Akyaa. Konokono asife.”

Ewurabena aliikunja barua, akaifungua, akaikunja tena. Kisha akaingia ndani, akayasukuma makaratasi ya kobe pembeni, akaweka karatasi nyeupe mezani. Nana alijivutia kiti nyuma ya bega lake.

“Anza na mbao,” alisema. “Wasije wakaweka bati hewani.”

Akaanza na mbao. Aliandika zilivyolala na zilivyoshikana, aliandika bati la kwanza na mikunjo yake, na pale bati la pili linapolilalia la kwanza ili maji yasipite, na misumari yenye kofia, na sauti ya mvua inayopiga kutoka upande wa nje. Nana aliguna mara moja tu, kwenye misumari, akataka iongezwe.

“Kwetu kumeanza,” alisema baada ya muda.

Ewurabena akafungua mwavuli, akamshikia kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia akaendelea kuandika.